Kwa nini kifurushi cha vinywaji hulala siku ya kwanza pale Galveston

"Mwezi ujao mimi, mke wangu, shemeji yangu na kijana wetu wa miaka 19 tunapanda meli ya kitalii Galveston, Texas, safari ya siku saba kwenda Cozumel, Costa Maya na Roatán. Sisi watu wazima watatu tumeshalipia kifurushi cha vinywaji, yaani bei moja ya siku inayolipia vinywaji vyetu melini. Sasa rafiki aliyesafiri mwaka jana ananiambia siku ya kwanza kifurushi hakifanyi kazi kwa sababu ya sheria za Texas, na hata kile kinachouzwa kinakatwa kodi juu yake. Meli yenyewe imeandikwa Nassau nyuma. Sheria za Texas zinaiingiliaje meli ya Bahamas? Mexico na Honduras itakuwa hivyo hivyo? Naomba unieleze kama tumeibiwa, na kama kuna njia ya kurudishiwa."

Ndugu yangu, hamjaibiwa. Rafiki yako amekueleza kitu cha kweli, ila amekieleza kama watu wengi wanavyokieleza wakishashuka melini na hasira: kipande kipande. Nimesimama nyuma ya kaunta za meli hizi, kisha nikashushwa chini kutunza stoo ya vinywaji, na swali lako nimelisikia kila tulipofunga kamba Galveston. Mgeni anapanda amechoka na foleni, jua la Texas limemchoma, anaagiza kinywaji chake cha kwanza, na kijana wa baa anamwambia, "Samahani, hicho bado." Najua inavyouma, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu.

Tuanze na Nassau, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Ni kweli kwamba meli ina uraia. Ikiandikishwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, mambo mengi ya ndani yake hufuata sheria za bendera hiyo: vyeti vya mabaharia, ukaguzi wa meli, ndoa anazofungisha nahodha. Lakini bendera haiigeuzi gati la watu kuwa nchi yako. Meli ikiingia bandarini imeingia nyumbani kwa mwenyeji, na mwenyeji ana haki ya kusema nini kiuzwe humo, kwa nani, na kwa kodi gani. Ndiyo maana kasino ya meli hufungwa bandarini, na duka la manukato na sigara linashusha mlango wa chuma hata kama meli imejaa watu wenye hela mkononi. Wageni huyaona hayo bila kulalamika. Pombe inawashangaza kwa kuwa wameshailipia.

Sasa kwa nini ni Texas, wala si serikali kuu ya Marekani? Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia 1920. Marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1933 kwa rekebisho la 21 la katiba, kifungu chake cha pili kiliyaachia majimbo mamlaka juu ya pombe inayoingizwa ndani ya mipaka yao. Kila jimbo likajitungia utaratibu wake. Mengi yalichagua mfumo wa ngazi tatu: mtengenezaji humuuzia msambazaji, msambazaji humuuzia mwenye baa, mwenye baa ndiye anayekuuzia wewe, na kodi ya jimbo inakusanywa njiani humo. Texas ni mojawapo, na mwangalizi wake ni Tume ya Vileo ya Texas, TABC. Machoni pa tume hiyo, baa iliyo ghorofa ya kumi na moja ya meli iliyofungwa kamba Galveston ni baa iliyo Texas. Chupa inayomiminwa humo iwe imepitia kwa msambazaji wa Texas na kulipiwa kodi ya Texas.

Chupa nyingi za meli hazikupita njia hiyo. Meli inayokwenda nchi za nje inaruhusiwa kupakia vinywaji vyake bila ushuru, kwa hesabu kwamba vitanywewa nje ya nchi. Vinatoka kwenye ghala la forodha, vinapanda melini, na havihesabiki kuwa vimeingia sokoni. Hapo ndipo inapokuja lakiri, yaani muhuri unaofunga mlango wa stoo.

Nikuonyeshe ilivyo. Stoo yetu ilikuwa chini kabisa, karibu na mitambo, ukuta wa chuma ukitetemeka kidogo na hewa ikinuka maboksi mapya. Mlango ni wa wavu mzito. Ofisa akija, tulihesabu naye: kreti za vodka, za ramu, za wiski, tukilinganisha na karatasi. Tukimaliza, anapitisha waya mwembamba kwenye kitasa, anafinya kidude cha madini ya risasi kwa koleo mpaka kinatoa mlio mdogo, anaandika namba yake, nami natia sahihi. Kuanzia hapo mle ndani mna maelfu ya chupa na hakuna mtu anayeruhusiwa kuzigusa, hata nahodha. Katika meli moja niliyofanyia kazi mwenzetu aliukata ule waya mapema kwa sababu baa ya juu ilikuwa imeishiwa ramu na wageni wanapiga kelele. Meli ilikuwa bado kwenye mfereji wa kutokea bandarini. Faini ilikuja, na yule kijana akateremshwa bandari iliyofuata akiwa na begi lake. Kwa hiyo mhudumu akikuambia "bado", usimshike ukali. Kazi yake iko juu ya waya ule.

Na jambo hili si la jana. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya kampuni ya meli ya Cunard kwamba marufuku ya pombe inazihusu hata meli za kigeni zikiwa ndani ya maji ya Marekani, hata kama pombe hiyo ni ya abiria wa safari ya kurudi na imefungiwa. Waingereza walikasirika sana. Mwaka 1924 nchi hizo mbili zikatia saini mkataba: meli za Uingereza ziruhusiwe kuingia na pombe yao, mradi imetiwa lakiri muda wote, na Marekani nayo ipewe nafasi ya kuzipekua meli zinazoshukiwa magendo hata nje kidogo ya maji yake. Kanuni ya "ingia nayo, ila usiifungue" ina umri wa miaka mia moja.

Swali linalofuata ni: mnakuwa Texas mpaka lini? Hapa Texas ina jambo lake la pekee. Majimbo mengi ya pwani ya Marekani yana maili tatu za baharini kutoka ufukweni. Texas ina maili tisa upande wa Ghuba ya Mexico, kwa sababu ilipokuwa jamhuri inayojitegemea, mwaka 1836, ilitangaza mpaka wake kuwa ligi tatu, yaani maili hizo tisa, baharini, na Mahakama Kuu ilikubali dai hilo mwaka 1960. Florida nayo ina maili tisa upande wake wa Ghuba. Ongeza kwamba meli haitoki Galveston kwa kasi. Inakwenda polepole mferejini na rubani wa bandari akiwa juu, inamshusha, ndipo inapoongeza mwendo. Mkiondoka saa kumi jioni, mnaweza kuwa mmekwishakaa mezani kwa chakula cha usiku kabla mpaka wa jimbo haujapita chini yenu. Ndiyo maana "siku ya kwanza" inakuwa kama imekwenda yote.

Kampuni hushughulikia jambo hili kwa njia mbili, na unapaswa kujua yako ni ipi kabla hujakasirika. Ya kwanza ni kukianzisha kifurushi siku ya pili. Carnival, kwa mfano, kwa safari za Galveston na za New York imekuwa ikikianzisha siku ya pili, na bei inahesabiwa kwa siku zilizobaki. Hapo hakuna cha kurudishiwa kwa kuwa hukuwahi kulipia siku ile. Kila utakachoagiza jioni ya kwanza unakilipia chenyewe. Njia ya pili ni kukiacha kifurushi kifanye kazi tangu mnapopanda, ila kwa orodha fupi: bia chache, mvinyo kidogo na pombe kali za aina zilizonunuliwa kwa wasambazaji wa Texas. Unaona baa kubwa yenye rafu tupu na chupa kumi na mbili zimepangwa mstari mmoja mbele. Hizo zimetoka kwenye stoo ya pili, ndogo, ya chupa za Texas. Ukiikuta hali hiyo, fahamu kwamba mambo yanaendeshwa kihalali, meli haijaishiwa.

Kodi nayo. Galveston, kodi ya mauzo ya jimbo na ya mji kwa pamoja ni asilimia 8.25. Kinywaji cha dola 14 kinaongezewa takriban dola 1 na senti 16. Kinachowachanganya watu ni kwamba kifurushi kinalipa bei ya kinywaji, lakini si lazima kilipe kodi yake. Kwa hiyo unaweza kuona kwenye bili mstari wa kinywaji umeandikwa sifuri, na chini yake kodi ya dola moja na kitu. Huo si wizi, wala mhudumu hana uwezo wa kuufuta. Mkirudi tena Texas, alfajiri ya siku ya mwisho, baa za pombe kwa kawaida zimeshafungwa, kwa hiyo kodi hiyo mtaiona siku ya kuondoka zaidi.

Mexico na Honduras msiwe na wasiwasi nazo. Cozumel, Costa Maya na Roatán baa za melini kwa kawaida hubaki wazi na kifurushi kinafanya kazi meli ikiwa gatini. Kinachofungwa ni duka na kasino. Kumbukeni tu kwamba kifurushi kinaishia kwenye ngazi ya meli. Bia ya mgahawa wa ufukweni mnailipa wenyewe. Kuna kampuni zenye visiwa vyao ambako kifurushi kinakubalika, kama CocoCay ya Royal Caribbean huko Bahamas, lakini safari yenu haipiti huko. Na Mexico wakati wa uchaguzi mamlaka za mahali huweza kutangaza kile wanachokiita ley seca, yaani pombe isiuzwe kwa siku moja au mbili. Hiyo inagusa maduka na baa za mjini, kwa hiyo mkikuta mgahawa unauza soda tu, mmejua sababu.

Mahali pengine duniani kuna mambo mazito kuliko hayo. Meli zinazotembelea Saudi Arabia hazimimini pombe kabisa zikiwa katika maji ya huko. Ulaya kinachobana mara nyingi ni kodi ya ongezeko la thamani: safari isiyogusa bandari yoyote nje ya Umoja wa Ulaya inaweza kutozwa, na inayogusa hata moja ikasamehewa. Kuna mfano ninaoupenda. Tangu mauzo yasiyo na ushuru kati ya nchi za Umoja yalipokomeshwa Julai 1, 1999, meli nyingi za kati ya Stockholm na Helsinki hupita Mariehamn, visiwa vya Åland, ambavyo haviko ndani ya eneo la kodi hiyo. Zinafika usiku wa manane, zinasimama dakika chache, abiria wengi wamelala, kisha zinaendelea. Kituo hicho kifupi ndicho kinachoyaruhusu maduka ya melini kuuza bila ushuru.

Kuhusu kijana wenu wa miaka 19, hukuuliza, lakini nakuomba unisikilize. Safari zinazoanzia bandari za Marekani zina umri wa miaka 21 kwa pombe, na kampuni zinauzingatia safari nzima, hata meli ikiwa katikati ya bahari. Umri huo umetokana na sheria ya 1984 iliyoyapunguzia fedha za barabara majimbo yasiyoufuata. Mexico umri wa kunywa ni 18, kwa hiyo Cozumel anaweza kuuziwa bia mjini kihalali, na hapo wazazi ndio waamuzi. Lakini akirudi melini, hata kuonja glasi ya mama yake ni kosa. Nimeona kifurushi cha mzazi kikifutwa bila kurudishiwa senti kwa sababu ya glasi moja iliyosogezwa upande wa pili wa meza. Mwenye kifurushi haruhusiwi kumpa mtu mwingine yeyote kinywaji chake, hata mtu mzima. Mwambieni kijana mapema, nyumbani, isije ikawa fedheha mbele ya watu.

Sasa tupige hesabu, maana naona hofu yako halisi ni fedha. Tuseme kifurushi ni dola 75 kwa siku, na bakshishi ya lazima ya asilimia 18 inafanya dola 88.50. Tuseme kokteli ni dola 14, pamoja na bakshishi dola 16.52. Gawanya: ili kifurushi kijilipe, kila mmoja anywe kokteli zaidi ya tano kwa siku, kila siku. Siku mbili au tatu za safari hiyo mtakuwa nchi kavu kuanzia asubuhi hadi alasiri. Ukiondoa na jioni ya kwanza, siku za kunywa kwa raha melini ni chache kuliko saba zilizoandikwa kwenye tiketi. Weka bei zenu halisi mahali pa hizi zangu, na hesabuni pia maji ya chupa, kahawa za mashine na juisi, kwa kuwa vifurushi vingi vinavijumuisha na vinapunguza pengo.

Kwa maoni yangu, kifurushi kinamfaa mtu anayekunywa kwa kawaida na anayetaka kujua mapema atatumia kiasi gani. Anayekunywa glasi mbili za mvinyo jioni anapoteza. Na ninalichukia sana wazo la "lazima nirudishe hela yangu". Nimewahudumia watu waliokuwa wakinywa kinywaji cha saba wasichokitaka kwa sababu tu wameshakilipia, na nimesaidia kuwabeba baadhi yao. Kampuni nyingine zinaweka ukomo. Carnival ni vinywaji 15 vyenye pombe kwa saa 24. Ukomo huo usiwe shabaha ya mtu. Kama mmoja wenu anatumia dawa za presha, za kisukari au za usingizi, azungumze na daktari wake kabla ya safari, ana kwa ana.

Kubadilisha mawazo bado kunawezekana. Kifurushi kilichonunuliwa kabla ya safari kwa kawaida hufutwa na fedha kurudishwa mradi meli haijaondoka, na kampuni nyingi zinataka ufanye hivyo siku chache kabla. Tazama pia kanuni ya chumba: mara nyingi mtu mzima mmoja akinunua, wote wa chumba kile wenye miaka 21 na zaidi wanatakiwa wanunue. Kama shemeji yako analala na kijana na yeye hanywi sana, kukifuta chake peke yake kunaweza kuwa rahisi kuliko mnavyofikiri, kwa kuwa ninyi wawili mko chumba kingine. Mpigie wakala aliyewakatia tiketi, umuulize maneno haya hasa: "Kifurushi chetu kinaanza siku gani na saa ngapi tukitokea Galveston, na tumetozwa siku ngapi?" Omba jibu kwa maandishi. Akisema siku sita, hamdaiwi wala hamdai. Akisema saba, na kinaanza siku ya pili, mnadai siku moja.

Mkishapanda, bili iangalieni kila usiku, tangu wa kwanza, kwenye simu au televisheni ya chumbani. Mkiona kinywaji cha siku ya pili kimetozwa bei kamili, nendeni dawati la huduma kwa wageni kesho yake asubuhi na kadi zenu za chumba. Likiwazidi wao, ombeni kuonana na meneja wa vinywaji. Yuko melini, na ana uwezo wa kurekebisha hapo hapo. Msisubiri kufika nyumbani. Dai la dola 16 linalomalizika dakika tano mkiwa ndani ya meli linaweza kuchukua wiki za barua pepe mkishashuka.

Jioni ile ya kwanza yenyewe, kampuni nyingi zinamruhusu kila mtu mzima apande na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 ndani ya mzigo wa mkononi. Nunueni nzuri mjini Galveston, imeshalipiwa kodi ya Texas, muifungue chumbani huku mnaangalia taa za pwani zikipungua. Ukiipeleka mgahawani unaweza kutozwa ada ya kufungua.

Na mkinunua tekila Cozumel, itachukuliwa mlangoni na kuhifadhiwa mpaka usiku wa mwisho; hilo ni kawaida, dai risiti. Kuingia Marekani kila mwenye miaka 21 anasamehewa ushuru wa lita moja. Lakini Galveston, mkishapita forodha, mtakuta meza ya TABC inayokusanya kodi ya jimbo kwa pombe mliyobeba. Ni dola chache. Toeni chupa, lipeni, mpewe stempu, mwende zenu.